Mgongaji wa Ghorofa ya Tatu

Tangi nililirithi kwa mwenzangu wa kazini aliyehamishiwa Dodoma. Lita 200, kioo kinene, halina ufa hata mmoja. Yeye alikuwa akifugia samaki wa maji baridi. Mimi mtoto wa Kunduchi nikasema, nikifuga nitafuga bahari. Mke wangu alikubali kwa sharti moja tu, lisivuke mlango wa sebule. Basi likakaa roshani, ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam, mahali ambapo majirani huanika nguo na kuficha jiko la mkaa.

Ukiwa na tangi la bahari roshani, samaki ndio shida ndogo. Shida kubwa ni uzito na jua. Lita moja ya maji ya bahari inazidi kilo moja kidogo, kwa hiyo kabla hujatia jiwe tayari umebeba zaidi ya kilo 200. Ongeza kioo, mchanga, mawe na meza ya chuma, unakaribia 300, na mzigo huo hauondoki usiku wala mchana. Nilimwita fundi ujenzi. Akashuka kwa jirani wa chini, akaikagua dari ya roshani yake, akanionyesha boriti inapopita. Meza ikae juu ya boriti, imeegemea ukuta wa nyumba, mbali na ukingo. Hapo ndipo nilipofahamiana na bibi wa ghorofa ya pili, maana ilibidi tumwombe ruhusa ya kupanda ngazi ndani kwake na viatu vyetu vya vumbi.

Jua nalo lilinitoa jasho. Roshani yetu inatazama mashariki, na kaskazi ikipamba moto, mwezi wa pili, saa nne asubuhi kipimajoto kilikuwa kinasoma digrii 31 na bado kinapanda. Viumbe vya mwambani havipendi hivyo. Mjomba wangu, mvuvi wa mitego ya madema, alinikumbusha mwaka 1998, mwaka wa El Niño, matumbawe yalivyopauka meupe pwani yote ya Kenya na Tanzania, mengi yakafa. Nikafunga ile neti nyeusi wanayotumia kwenye vitalu vya miche, nikategesha feni ndogo ipulize juu ya maji. Feni inashusha joto digrii mbili hivi, ila maji nayo yanakauka haraka. Kinachokauka ni maji matupu, chumvi inabaki humohumo. Ndiyo maana kila asubuhi nilikuwa najazia maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye mstari niliouchora kwa kalamu. Wageni walinitazama namwagia bahari maji ya kunywa, wakanyamaza kwa heshima.

Mawe ndiyo yaliyoleta kisa chenyewe. Matumbawe hai sikutaka hata kuyagusa, kwanza sheria hairuhusu, pili nimeona ya kutosha yaliyovunjwa na baruti. Lakini dema haliendi chini bila uzito. Kila dema la mjomba limefungiwa mawe, na jiwe likikaa baharini muda mrefu linaacha kuwa jiwe. Linapata ganda la rangi ya waridi, sifongo, minyoo yenye manyoya, na mashimo ambayo kila moja lina mwenyewe. Mjomba alikuwa na madema machakavu ya kupandisha. Nikamwambia mawe asiyatupe. Tukayafunga ndani ya magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari, tukapakia kwenye kirikuu pamoja na madumu ya maji yaliyotekwa bamvua limejaa, kabla ya mvua kuleta tope la mitoni.

Baada ya hapo ni kungoja. Vilivyokufa njiani vinaoza, vinatoa amonia, na bakteria wanaoishi kwenye mawe wanaigeuza hatua kwa hatua mpaka iwe kitu ambacho samaki wanaweza kuvumilia. Ukikosa subira hapo unaua. Roshani ilinuka kama soko la samaki la Feri jioni, mke wangu akafunga dirisha, nami nikajifanya sisikii anachosema.

Harufu ilipokwisha, maisha yakatokea bila kualikwa. Viti vya pweza vyenye mikono myembamba vilitoka chini ya mawe taa ikizimwa. Kwenye jiwe moja pana kulichanua kundi la viumbe vidogo vya rangi ya kahawia na kijani, vimeshikana pamoja, kila kimoja na duara la nyuzi mdomoni. Nikaongeza konokono, kaa wadogo wanaohamia makombe matupu, na samaki wawili wachanga aina ya kangaja niliowakuta kidimbwini maji yalipokupwa. Kangaja walikula mwani wa kwenye kioo kutwa nzima. Nilikuwa naketi na kikombe cha chai nawatazama, kazi nyingine zote zikalala.

Kisha usiku mmoja mke wangu akaniamsha. "Kuna mtu anagonga."

Tak. Kimya. Tak, tak. Mlio mkavu, si wa mlangoni. Nikatoka roshani na tochi, kukawa kimya. Nikarudi kulala, tak.

Ikawa hivyo kila usiku. Asubuhi nikawa nakuta makombe ya konokono mchangani yamepasuka, si kutafunwa, yamepasuka vipande vyenye kingo kali, ndani hamna kitu. Kaa wakaanza kupungua. Kangaja mmoja akaonekana na pezi lililochanika, akawa hasogelei mawe ya upande wa kulia hata kwa chakula. Nilikisia ni mnyama gani, nilishasoma habari zake, lakini mawe yalikuwa mengi na kila jiwe lina mashimo kama kumi.

Bibi wa chini akapanda ngazi jioni moja, pole pole, ameshika ukuta. Ni mtu wa Tanga, amezika mume na watoto wawili, haogopi mtu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Huyu mke mwenzangu hajambo?" Akaketi. "Nimekuja kuuliza. Usiku mnatwanga nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, macho yako kwenye tangi.

"Mmetoa jiwe baharini."

"Ni la dema la mjomba, bibi."

"Dema la mjomba, bahari ya nani?" Akatikisa kichwa. "Kila jiwe la bahari lina mwenyewe. Sisi kwetu jiwe halitolewi bila kuaga. Huyo kafuata nyumba yake, sasa anabisha hodi arudishwe."

Mke wangu, ambaye kwa kawaida hana habari na majini, alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Bibi akatoa dawa yake: nitoe mawe yote, niyamwagie maji yanayochemka. Kama ni mdudu atakufa. Kama si mdudu atahama.

Hapo nilikataa mpaka sauti ikapanda, jambo ambalo si adabu mbele ya mtu mzima, nikaomba radhi palepale. Wale viumbe wa kahawia na kijani, wazuri namna ile, baadhi ya jamii yao wana sumu inayoitwa palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazotengenezwa na viumbe. Ikiwa ndani ya maji haina shida, ukiosha mikono na huna kidonda. Ukiwamwagia maji ya moto, sumu inaweza kupanda na mvuke. Marekani na Ulaya kuna wafugaji waliolazwa hospitali pamoja na familia zao kwa kuchemsha jiwe au kulisugua kwa maji ya moto. Bibi akanisikiliza, akasema, "Basi kumbe ni jini kweli, na sumu anayo." Sikuwa na jibu.

Mjomba nilipompigia simu alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nisitie kidole kwenye shimo lolote. Alipokuwa kijana aliwahi kumtoa mmoja kwenye dema gizani akidhani ni kamba wa kula, na hadi leo ukucha wa dole gumba unaota umegawanyika kati. Nikakumbuka dole lile. Utotoni tuliambiwa ni panga.

Siku ya kumkamata hatukuipanga. Umeme ulikatika saa mbili usiku, mtaa mzima. Pampu zikazima, feni ikazima, nikawasha kile kipampu cha hewa cha betri ili samaki wasikose pumzi, nacho nikakitupia sebuleni kwa mpira mrefu kisinipigie kelele. Ndipo roshani ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu niliweke tangi. Tak. Nikabandika sikio kwenye kioo. Tak. Mke wangu akabandika lake upande wa pili. Akanyoosha kidole: jiwe la tatu, lile refu, chini kulia. Mimi nilikuwa nimelituhumu jingine kabisa.

Tulilitoa kwa glavu za jikoni, tukaliweka juu ya ndoo ya plastiki yenye maji ya tangi. Maji ya soda nilikuwa nimenunua zamani, yale matupu yasiyo na sukari. Ukiyamwaga shimoni, hewa yake ya ukaa inamkosesha mnyama pumzi, na yeye huchagua kutoka. Bibi alikuwa amesikia vishindo akapanda na taa yake ya chemli, amesimama mlangoni na kanga kichwani, anasoma kitu kwa sauti ya chini.

Shimo la kwanza alitoka mnyoo. La pili, hakuna. La tatu povu lilipanda, kikatokea kitu cha kijani kilichokoza, kirefu kama kidole changu cha kati, kikaanguka ndani ya ndoo, na papo hapo ndoo ikalia tak kwa nguvu mpaka mke wangu akaiachia.

Nikamulika. Ndiye niliyemkisia, yule ambaye kwa Kiingereza huitwa mantis shrimp, ndugu wa mbali wa kamba na kaa. Alikuwa amejikunja pembeni, mkia mbele kama ngao. Macho yake yamekaa juu ya vijiti, na kila jicho linazunguka kivyake: moja linanitazama mimi, jingine linamtazama bibi. Mikono ya mbele ameikunja kifuani kama vunjajungu. Nilipoteremsha kijiko karibu naye hakukimbia. Aliinuka, akaifungua ile mikono kwa upana, na ndani yake, pale kwenye kiwiko, pakaonekana doa la zambarau lenye duara jeupe. Ndiyo onyo lake. Akaweka hivyo kidogo, nisome vizuri. Kisha akapiga kijiko.

Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake huko Marekani walimpiga picha za kasi kubwa ndugu yake huyu, jamii nyingine iliyo kubwa zaidi, wakakuta pigo linafikia mita 23 kwa sekunde. Maji hayawahi kupisha. Yanaacha uwazi unaojaa mvuke, na uwazi huo ukiporomoka unapiga mara ya pili, hata mnyama akikosa shabaha. Kijiko chetu kilikuwa cha chuma cha pua. Hakikubonyea, lakini mkono wangu ulihisi.

"Huyu ndiye?" bibi akauliza.

"Ndiye, bibi."

Akasogea, akainama juu ya ndoo na chemli, wakatazamana kwa muda. "Mdogo hivi," akasema. "Na hasira zote hizi."

Sikumrudisha tangini, kwa sababu kioo chenye maji lita 200 juu ya kichwa cha bibi wa Tanga si mahali pa kufugia nyundo. Nilimwekea beseni la plastiki zito, mchanga, jiwe lake refu na kipampu cha hewa. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko tangi zima. Kangaja nilichagua mimi. Huyu alikuja kwa hiari yake, au tuseme alibebwa akiwa nyumbani kwake amelala, akaendelea na maisha Upanga bila kuuliza. Ukimpa konokono, alimzungusha kwanza kwa mikono midogo, akitafuta pahala pazuri, akampiga, akasubiri, akampiga tena palepale. Watoto wa ghorofa ya nne walianza kushuka baada ya shule kutazama. Bibi akawa anapanda jioni, anamletea kaa wadogo alioagiza Feri, na akawa ananiuliza habari za "mume mwenzako" kabla ya kuuliza za kwangu.

Mvua za masika zilipokaribia mjomba akaja mjini kununua nyavu, akapita kutusalimu. Akalitazama tangi, akasifu. Akalitazama beseni, akalificha dole gumba mfukoni. Halafu akaona lile jiwe refu.

"Hili jiwe nalitaka," akasema. "Lina kiuno, kamba haitelezi. Nimetengeneza dema jipya na sijapata jiwe la kulishinda hili."

Bibi alikuwepo. "Mchukue na mwenyewe," akasema.

Mjomba akacheka, akidhani ni utani. Bibi hakucheka. Ikabidi kitafutwe kidumu kilichokatwa juu, maji, na bajaji ya kumpeleka mzee hadi stendi na abiria wake, na mke wangu akatoa glavu za jikoni akampa kabisa, akamwambia afike nazo Kunduchi.