Swali Ambalo Hakuna Aliyemuuliza Shahidi

Kijana wa jirani yetu alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, na sehemu kubwa ya kesi yake niliisikiliza nikiwa nimeketi benchi la nyuma pamoja na mama yake. Shahidi mkuu alikuwa mwenye duka aliyevamiwa usiku. Alieleza, kwa sauti ya mtu asiye na shaka yoyote, kwamba alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa. Hakimu aliandika, kisha akamwuliza kijana kama ana swali kwa shahidi. Kijana alisimama, mikono ameifunga nyuma, akajibu: "Sina swali, mheshimiwa." Hakuwa na wakili.

Siamini kwamba yule mwenye duka alisema uongo, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Mtu aliyewekewa panga shingoni gizani anaweza kuapa kwa moyo safi kabisa na bado akawa amemfananisha. Sheria yetu inalijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilielekeza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iridhike kuwa uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Kwa hiyo ni lazima ijulikane shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani na akiwa umbali gani, kama alikuwa akimfahamu kabla ya tukio, na mazingira ya mwanga yalikuwaje. Ile taa ilikuwa koroboi, kandili au balbu ya umeme? Iliwekwa juu ya kaunta au ilining'inia mlangoni, nyuma ya wavamizi? Na kama shahidi alimfahamu kijana, je, alimtaja kwa jina kwa majirani wa kwanza waliofika?

Wakili angeyauliza hayo yote kwa dakika kumi. Kijana aliyeishia darasa la saba, ambaye alikwishakaa mahabusu muda mrefu kwa kuwa kosa lile halina dhamana, angejuaje kwamba uhuru wake unategemea mahali ilipowekwa taa?

Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua shauri la mfungwa aliyehukumiwa Rombo miaka 30 kwa kosa kama hilo bila kupewa wakili. Ilisema kwamba mtu anayekabiliwa na adhabu nzito namna ile anastahili msaada wa kisheria hata kama hakuuomba. Miaka miwili baadaye Tanzania ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, hatua ninayoishukuru kwa dhati, ingawa nasema wazi kwamba haitoshi iwapo mshtakiwa wa wilayani bado anasimama peke yake siku shahidi anapotoa ushahidi.

Kulikuwa na ukuta mwingine. Kijana alijitetea kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na nakala ya hukumu iliyomfikia gerezani ilibidi asomewe na mfungwa mwenzake, ambaye ndiye aliyemwandikia sababu za rufani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama.

Majaji walimwachia baada ya miaka saba, kwa sababu ya taa ile ile ambayo haikuelezwa. Nilipokwenda kumpokea, kila mzee aliyemsemesha alimjibu akiwa amesimama wima, mikono nyuma.

Ninawaomba wasomaji wenye ndugu waliotiwa hatiani katika mahakama za wilaya au za hakimu mkazi washike jambo moja. Kusudio la kukata rufani Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufani yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu. Aliye gerezani anaweza kukabidhi rufani yake kwa mkuu wa gereza, naye ataipeleka mahakamani. Msiache siku hizo zipite kwa kulia nyumbani, kama tulivyokaribia kufanya sisi.