Kaburi la Gede, hesabu za mwezi na mtoto wa gredi ya 8

Sijui nani aliamua kwamba mtoto wa junia sekondari akitaka kusoma historia lazima kwanza afunge kitabu cha sayansi, alafu akimaliza historia aifunge nayo ndo aguse mambo ya misitu na wanyama. Mimi nakaa Watamu, huku pwani ya Kenya, na huyu mtoto wa dadangu yuko gredi ya 8, akija kwangu wikendi na homuweki zake namwambia beba daftari twende Gede, yale magofu ya mji wa kale wa Waswahili hapa jirani. Pale magofuni masomo yote yamelala mahali pamoja na hakuna kengele ya kubadilisha kipindi.

Watoto wengi wa huku kwetu washaenda Gede na shule, hilo najua. Na zile trip zenyewe tunazijua pia, basi limejaa, soda na mkate, anayewatembeza anaongea mbele huku nusu ya darasa inakimbizana na kima na nusu nyengine inapiga selfi kwenye mlango wa jumba la mfalme, wakirudi wanaandika insha ati magofu ni ya kale na yanapendeza sana. Basi, imeisha hiyo.

Sasa kuna kaburi moja pale lina maandishi ya mwaka, 802 Hijria, yaani kwa kalenda ya Kiislamu inayofuata mwezi, na kwa hesabu za kawaida wanasema ni 1399. Mtoto akatulia akatoa kalamu, anajua Hijria ilianza 622, akajumlisha 802 na 622 akapata 1424. "Mamdogo, hawa wamekosea." Nikamuuliza kwani Ramadhani ya mwaka huu imeingia tarehe sawa na ya mwaka jana? Hapo akanyamaza manake hilo analijua toka mdogo, mfungo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ila hajawahi kuona kama ni sayansi. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, wa jua 365, kwa hivo zidisha 11 mara 802 unapata siku 8,822, gawa kwa 365 inakuja miaka 24 na kidogo. Toa kwenye 1424, unaangukia 1400. Bado mwaka mmoja umepotea! Tukakaa nao huo palepale kivulini mpaka akaupata mwenyewe, kwamba ukiwa ndani ya mwaka wa 802 miaka iliyotimia ni 801 tu, na tena Hijria yenyewe ilianza katikati ya 622 sio Januari. Mwalimu gani wa hesabu atakupa swali tamu kama hilo, na jibu limeshachongwa kwenye jiwe miaka mia sita na zaidi iliyopita.

Alafu kuta zenyewe. Simiti ya dukani ilikuwa bado kabisa, wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hiyo chokaa inatoka kwenye matumbawe hayohayo. Unapanga magogo, unaweka mawe juu, unawasha moto mkali hasa. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti, yakifika joto la kama digrii 900 yanatoa kaboni dayoksaidi, yanabaki chokaa mbichi ambayo ukiimwagia maji inachemka bila jiko (usijaribu na watoto, inaunguza vibaya). Ukichanganya na mchanga ukapaka ukutani, inaanza kuinyonya ile gesi polepole kutoka hewani na kugeuka tena kalsiamu kaboneti, yaani jiwe lilitoka jiwe likarudi jiwe. Nyumbani tulichukua ganda la chaza tukatia siki, vipovu vikatoka, ile ndo gesi yenyewe. Ila tafadhali msiende na siki zenu kule, Gede inalindwa na sheria tangu 1927 na mwaka 2024 imeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, askari atakutoa mbio na ana haki.

Mwambie mtoto apime vyumba kwa hatua pia. Vingi ni virefu lakini vyembamba, na sababu sio umaskini, paa lilibebwa na boriti za mikoko na boriti nzuri ya kubeba uzito wa mawe haiwi ndefu sana. Kwa hivo mti wa kule mkondo wa Mida ndo uliamua sebule ya tajiri iwe na upana gani. Tajiri mwenyewe anakula kwenye bakuli la Uchina, manake vyombo vya kauri vya Kichina na hata hela za Kichina zilifukuliwa pale, mwanaakiolojia James Kirkman alichimba kuanzia 1948 mpaka 1958.

Msitu sitaongea sana, nenda ukauone. Ukitulia unaweza kumwona sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, kanyama kadogo ka pua ndefu, anapekua majani makavu, na duniani mnyama huyo karibu wote waliobaki wako msitu wa Arabuko-Sokoke hapo jirani. Na palepale Gede kuna mradi wa Kipepeo, tangu 1993 wakulima wanaoishi kando ya msitu wanafuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga nje ya nchi, kwa hivo metamofosisi ya kitabuni kuna watu inawalipia karo.

Kilichotugombanisha ni kisima. Kitabu kinauliza kwa nini Gede ilihamwa kwenye karne ya 17 na kinataka sababu: mashambulizi ya Waoromo, Wareno kumhamishia mtawala wa Malindi kule Mombasa miaka ya 1590, maji kupungua. Mtoto anang'ang'ania maji, manake kisima cha msikiti mkuu kinaonyesha kilichimbwa tena kuongezwa kina. Na sisi wa huku tunaelewa, maji ya mvua yanapenya kwenye matumbawe na kukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, ukiyavuta kupita kiasi chumvi inapanda. Tulifanya kwenye glasi, maji ya chumvi yenye rangi chini, ya bomba juu polepole kwa kijiko, na kweli yakakaa mbalimbali. Mimi nasema mji hauhamwi kwa sababu moja, watu wakiwa na amani kisima watachimba tena. Yeye ananiambia mamdogo, mtu wa kiu hangoji vita. Ameandika maji namba moja kwenye daftari na amekataa kufuta, sasa tunasubiri tuone mwalimu wake atatia alama gani.