Kutua Barra Maji Yakipwa

Ratiba ya ndege za Barra, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, haitulii, kwa sababu kiwanja chenyewe ni ufuo unaofunikwa na bahari kila maji yanapojaa. Nilipokuwa natafuta tiketi kutoka Glasgow niliona siku moja ndege inaondoka asubuhi, siku chache mbele imesogea hadi mchana. Mtu aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa. Wavuvi wetu huishi kwa hesabu hiyohiyo ya bamvua na maji mafu, ila sikuwahi kudhani nitaikuta kwenye tiketi ya ndege.

Aliyenivuta huko ni mdogo wangu. Anaishi Glasgow, anajifunza urubani kwenye klabu moja nje ya mji, na tangu aanze masomo kuna swali halimpi usingizi: Uskoti ina fukwe ndefu, tupu, zenye mchanga mgumu, sasa kwa nini rubani asijitulie tu anapopenda?

"Twende Barra dada, ukaone kwamba inawezekana."

Kwamba inawezekana sikuwa na shaka. Nilichotaka kujua ni kama inaruhusiwa.

Ndege ni Twin Otter, ya pangaboi mbili na viti 19, na safari huchukua kama saa moja na dakika kumi. Ukikaa mbele unawaona marubani wakifanya kazi yao. Visiwa vya magharibi vinapita chini kimoja kimoja, kisha ndege inainama juu ya maji ya kijani kibichi, nami najikuta natafuta lami kwa macho ingawa najua haipo. Magurudumu yaligusa mchanga uliolowa, maji yakaruka hadi usawa wa dirisha, na kutua kukawa kulaini kuliko pale Dar. Tukashuka kwa ngazi, tukatembea juu ya mchanga hadi kwenye jengo dogo lenye mgahawa. Mizigo tuliisubiri kwenye kibanda ambacho, kingekuwa mahali pengine, ningesimama ndani yake kungoja daladala.

Ufuo huo unaitwa Tràigh Mhòr, na umekuwa kiwanja cha ndege tangu 1936. Una njia tatu za kurukia zilizopangwa kama pembetatu, ili rubani achague kulingana na upepo. Ile ndefu ina mita 846. Ncha zake zinaonyeshwa kwa nguzo za mbao zilizosimikwa mchangani. Taa hakuna. Ikitokea dharura ya usiku, mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali bara, magari huwasha taa kumulika mchanga na vipande vya kuakisi mwanga hutandazwa.

Usidanganywe na hali hiyo ya kishamba. Kiwanja kina mnara wa kuongozea ndege, kina zimamoto, kinaendeshwa na kampuni ya viwanja vya nyanda za juu na visiwa ambayo ni mali ya serikali ya Uskoti, na kina leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, mamlaka ileile inayosimamia Heathrow, kiwanja kikubwa cha London. Bila leseni hiyo ndege ya abiria ya ratiba isingeweza kuja hapa hata kama mchanga ungekuwa mgumu kama zege.

Kando ya ufuo kuna bango linalowaambia watu wasikanyage mchanga pale mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakovuma, unapokuwa umepandishwa. Ukishushwa, ufuo ni wa kila mtu. Wenyeji huingia na reki na ndoo kuchimbua kombe, na mbwa wao wanakimbia palepale ilipopita ndege. Mpango huu ulinifurahisha kuliko kutua kwenyewe. Huku kwetu ugomvi wa ufukweni ni wa hoteli na ukuta ndani ya zile mita 60 za ufukwe zinazokatazwa kujengwa, na mara nyingi anayeshindwa ni mwenye ndoo.

Tulipokaa kunywa chai mdogo wangu akarudi kwenye swali lake, nami nilikuwa nimeshasoma kidogo. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa mtu haki ya kutembea karibu popote, hata ufukweni, hata kwenye shamba la tajiri. Lakini haki hiyo ni ya miguu, baiskeli na farasi. Chombo chenye injini hakimo. Kwa hiyo rubani wa ndege binafsi, ambaye halazimiki kutua kwenye kiwanja chenye leseni, bado anahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Na mchanga ulio kati ya maji kujaa na maji kupwa una mwenyewe. Karibu nusu yake ni ya Ufalme, ikisimamiwa tangu 2017 na Crown Estate Scotland. Nyingine ni za watu binafsi, halmashauri au taasisi za hifadhi. Ufuo mmoja unaweza kuwa na wenyewe wawili, nawe huko juu huoni mpaka.

"Si ningepita chini kwanza nikaukague?"

Hapo ndipo sheria inambana zaidi. Ndege haitakiwi kukaribia mtu, chombo, gari wala jengo chini ya futi 500, kama mita 150, isipokuwa inapotua au kuruka kwa utaratibu wa kawaida. Ufuo ukiwa mtupu kabisa, sawa. Akitokea mzee mmoja na mbwa wake, ukaguzi wako unaweza kuwa kosa. Injini ikizima ni habari nyingine, hapo unatua unapopapata.

Alinuna kidogo. Sheria inamtaka rubani aombe ruhusa mahali ambapo hakuna wa kumgonga, akasema. Mimi naona wanaochimbua kombe wangesema vingine.

Barra penyewe hupokea ndege binafsi: unaomba ruhusa mapema, unalipa ada ya kutua, unaangalia jedwali la maji. Akafurahi, mpaka alipokumbuka kwamba klabu yake hairuhusu ndege zake ziguse mchanga, kwa ajili ya chumvi. Kwenye basi la kwenda Castlebay alikuwa ameinamia simu, anawaandikia wenzake wa darasani kuuliza nani ana mjomba mwenye ndege.