Nilivyojifunza base genep, moyo wa mapishi ya Bali

Ubud, mji wa kisiwani Bali, Indonesia, imejaa madarasa ya upishi kwa wageni. Asubuhi mnapelekwa sokoni, mchana mnapika, kisha kila mtu anaondoka na karatasi ya maelekezo. Nilihudhuria moja na nikalifurahia, ila viungo tulivikuta vimeshamenywa na kukatwa. Mimi nilitaka kujua yanayofanyika kabla ya hapo, nikamwomba mama mwenye nyumba niliyopanga chumba aniruhusu kukaa naye jikoni. Nilimwita Ibu, kama wanavyoitwa kina mama kule. Akakubali, mradi niwe naamka naye alfajiri, maana chakula cha siku nzima hupikwa asubuhi.

Akanianzisha na base genep, na kwa muda hakunifundisha kingine. Ni viungo vya kusaga vinavyoingia karibu kila chakula cha Kibali: vitunguu vidogo vyekundu, vitunguu saumu, tangawizi, manjano mabichi, khulinjani, pilipili, giligilani, pilipili manga, karafuu, kungumanga, na terasi, yaani uduvi uliochachushwa. Huongezwa kemiri, kokwa zenye mafuta ambazo haziliwi mbichi, na kencur, mzizi mdogo wenye harufu inayokaribia kafuri. Mtu wa pwani anavifahamu vingi kati ya hivi. Hata karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, hukohuko Indonesia. Kencur ndiyo iliyokuwa ngeni kwangu, na bila hiyo chakula hakiwi cha Bali.

Kinu chao ni jiwe bapa na mchi wake umepinda. Hutwangi, unasukuma mkono mbele na nyuma. Huanza vikavu na vigumu, yaani giligilani, pilipili manga na kemiri, halafu mizizi, na vitunguu mwisho kabisa, kwa sababu maji yake yakitangulia punje zinateleza hazisagiki. Kisha unakaanga kwa mafuta ya nazi, moto mdogo. Ibu alinifundisha kusikiliza sufuria: maji yakiwamo inachachatika, yakikauka sauti inatulia, mafuta yanajitenga pembeni na ule ukali wa kitunguu kibichi unakwisha puani. Yeye mwenyewe hakuwa anaonja. Chakula kikiiva, kabla ya mtu yeyote kula, aliweka wali kidogo na mboga juu ya vipande vya majani ya mgomba, akaviacha karibu na jiko, penye maji na getini, kuwa sadaka. Kwa hiyo chumvi ilikuwa mkononi na mengine yote puani na masikioni. Kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopata kule, na silioni likiingia kwenye karatasi ya maelekezo.

Kwa Mwislamu, sema mapema. Wabali wengi ni Wahindu, nguruwe ni kitoweo cha sherehe, na lawar, mchanganyiko wa mboga, nazi na nyama iliyokatwakatwa, mara nyingi hutiwa damu mbichi. Nilimweleza Ibu siku ya kwanza. Akatenga sufuria, na lawar tukaitengeneza kwa kuku, maharage machanga na nazi ya kukuna.

Baada ya hapo mengine yalikuja haraka. Sate lilit, kwa mfano, ni jodari wa kusaga, nazi, base genep na sukari ya mnazi, unakanda mpaka inate, unaifinyanga kwenye bua la mchaichai na kuichoma juu ya makaa ya vifuu.

Nyumbani Tanga natumia korosho badala ya kemiri, na kencur ninayo ya unga niliyorudi nayo. Nasaga nyingi kwa mpigo, nakaanga, nagawa kwenye vikopo na kugandisha. Vijiko vitatu vilivyojaa vinatosha nusu kilo ya samaki.