Jinsi nilivyoitengenezea sailensa injini ya ndege yangu ndogo ya modeli

Injini yenyewe ni ya cc 6.5, ya methanoli, niliyoinunua ikiwa imetumika. Haikuwa na sailensa, wala mashimo ya kuifungia. Kelele zake zilikuwa zinawatoa watu ndani ya nyumba.

Nilikata bomba la alumini la kipenyo cha milimita 32, urefu milimita 90. Hapo unapata chumba cha takriban cc 70, zaidi ya mara kumi ya ujazo wa injini. Vifuniko nilikerezewa na fundi. Mara ya kwanza nilivigandisha kwa gundi ya epoksi. Ujinga mtupu, joto liliilainisha hata kabla ndege haijaondoka chini. Nikapitisha bolti moja ndefu katikati, ikavibana vyote viwili. Kwenye injini niliifunga kwa ukanda wa chuma uliozunguka silinda, na silikoni nyekundu ya kuhimili joto kwenye maungio.

Ikawaka vizuri, lakini baada ya dakika moja inachemka, inapoteza nguvu, inazima. Siku nzima nilihangaika na sindano ya mafuta (skrubu ya kurekebisha kiasi cha mafuta yanayoingia kwenye injini), kumbe tundu la kutolea moshi la milimita 5 lilikuwa linaikaba. Nikalipanua kidogo kidogo kwa drili hadi milimita 7.5. Ikatulia.

Mwisho nikachomeka kibomba kidogo kwenye sailensa na mpira hadi kwenye tangi, ili shinikizo la moshi lisukume mafuta. Sindano ikabidi niifunge kidogo.

Bolti hiyo ya katikati naikaza kila baada ya kurusha ndege, maana hulegea.