Siku yangu na neno "renew"

Saa 12 asubuhi. Natoka Kirumba kwa mguu kabla jua halijachoma. Kazi yangu ni kuchapa na kutafsiri barua kwenye steshenari ndogo mjini Mwanza.

Saa 2. Mzee mwenye boti pale Mwaloni anaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mnunuzi wa nje mwandikie kwamba leseni nimerinyuu, na boti nimerinyuu."

Leseni haina shida. Kwa Kiingereza, kitu chenye muda, kama leseni au mkataba, muda wake ukiisha unafanya "renew". Hata pasipoti: unapewa kitabu kipya kabisa, na bado neno ni hilohilo, kwa sababu kinachoendelezwa ni ruhusa yako ya kusafiri. Lakini boti? Namuuliza imefanywa nini hasa. Imekalafatiwa: nyufa zimezibwa kwa pamba, mbao mbili zimebadilishwa. Basi hiyo ni "repair". Mnunuzi akisoma "renewed" hatajua boti imezibwa nyufa au imenunuliwa nyingine. Tunakaa karibu saa nzima kwa sentensi mbili, na sioni kama ni muda uliopotea. Barua ndiyo inayomsemea mzee mbele ya mtu asiyemjua.

Saa 6 mchana. Habari ya kutafsiri: "renewed fighting". Kijana ninayemfundisha kazi ameandika "mapigano yaliyofanywa upya". Namwambia afute, aandike "mapigano yamezuka tena". Hapo hakuna kilichotengenezwa. Kilichosimama kimeanza tena.

Saa 8, ugali na sato.

Saa 10 kijana anauliza kuhusu MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961, ikaja kusimama kwa miaka, ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Je, ilikuwa "renewed"? Hapana, "renovated" au "refurbished". "Renovate" nalo limebeba "novus" ya Kilatini, yaani mpya, ila lenyewe hushika kitu chenye mwili: nyumba, ukumbi, meli. Sisi tunasema imekarabatiwa. Leseni haikarabatiwi, inahuishwa. Nalipenda sana hili neno kuhuisha, kwa kuwa ndani yake kuna uhai, na inaniuma kuona watu wanaliacha wakati lipo.

Saa 2 usiku, nyumbani. Binti wa dada yangu ana zoezi la nishati jadidifu, ile Waingereza wanayoiita "renewable".

"Mjomba, jua linahuishwa na nani?"

Namweleza kwamba jadidi ni mpya kwa Kiarabu, na kwamba jua na upepo havingoji mtu. Tukivitumia leo, kesho vipo.

Anaandika, kisha anainua kichwa. "Na sangara?"

"Nao wanajirudisha, mama. Ila wale wadogo tuwaache kwanza wakue, wazae."

Analiandika na hilo, chini ya jua na upepo.