Chumvi ya Mambrui

Jana mwanangu aliniuliza kwa nini ukuta wa sebule ya bibi yake umevimba upande mmoja tu, ule uliopigwa plasta mpya, na upande wa zamani uko vilevile. Nikakumbuka Mambrui, kaskazini ya Malindi, na mjomba.

Mjomba alikuwa fundi wa chokaa, Mwamu hasa, mtu wa Lamu. Alikuja Malindi kwa arusi, na kabla ya arusi akataka tuzunguke kuangalia majengo ya kale. Tulianza Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Watu wengi huishia kwenye jumba la mfalme na lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Yeye alivipima vyumba kwa hatua, kimoja baada ya kingine. Vyote vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko ikizidi kama mita tatu hulegea katikati chini ya uzito wa dari la mawe na chokaa. Urefu wa chumba ni hiari ya mwenye nyumba, upana ni hiari ya boriti.

Kisha tukapanda matatu ya Gongoni, tukavuka daraja la Sabaki, tukashuka njia panda ya Mambrui na kuchukua boda kuteremka baharini. Huko liko kaburi la mnara ambalo wageni wachache hulifikia. Mnara wenyewe umevunjika, lakini mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye plasta bado yanaonekana, na pale yalipotoka yameacha matundu ya duara. Mjomba alisimama mbele ya tundu moja muda mrefu. Akaniambia chokaa ndiyo iliyoyashika mabakuli yale karne hizi zote bila kuyapasua. Ukuta ukitanuka kwa jua au ukididimia kidogo, chokaa hukubali kwenda nao. Kitu kigumu kingelivunja bakuli.

Tulipokuwa tukirudi barabarani ndipo tukaiona ile nyumba. Ya mawe, ya zamani, haimo katika kitabu chochote cha watalii. Chini mpaka usawa wa kifua ilikuwa imepigwa simiti, juu plasta ya chokaa ya wazee. Mwenyewe alikuwa kibarazani, akatukaribisha. Mjomba akaomba ruhusa, akagonga simiti kwa kifundo cha kidole. Sehemu moja ilijibu kwa sauti nzito, ya pili nyepesi, tupu. Akaenda hivyo ukuta mzima huku ameinamisha sikio, akichora mpaka wa utupu kwa kipande cha mkaa. Akauliza tena, akaruhusiwa, akaingiza ncha ya kisu ukingoni. Bamba la simiti, upana wa sinia, likatoka zima.

Nyuma yake jiwe halikuwa jiwe tena. Lilimiminika kama unga wa sembe. Mgongo wa lile bamba ulikuwa mweupe, umeota sindano ndogo ndogo zinazong'aa. Mjomba akagusa kwa kidole, akaonja, akanipa na mimi nionje. Chumvi.

"Usilitizame yiwe," akasema. "Tizama maji yapita wapi."

Akatueleza sote wawili, mimi na mwenye nyumba. Tumbawe, jiwe la nyumba zetu hizi, lina vitundu tele na hunyonya unyevu kutoka ardhini, na pwani yetu unyevu huja na chumvi. Chokaa huuachia utoke nje, chumvi ikabaki juu juu, ukaipiga brashi. Simiti huuzuia. Maji hukaukia ndani, chumvi huganda kwenye vitundu vya jiwe, hukua, hulipasua. Unyevu uliokosa pa kutokea hupanda juu zaidi kutafuta njia, mpaka kwenye vichwa vya boriti ukutani, navyo huanza kuoza. Mwenye nyumba aliona plasta yake ikibanduka akadhani simiti ilikuwa kidogo, akaongeza.

Dawa yake mjomba aliisema taratibu, na nilimpa mwanangu vilevile. Penye sauti tupu, bandua kwa tindo na nyundo ndogo. Paliposhika, paache, maana simiti iliyoshika hung'oka na uso wa jiwe. Chumvi ifagie kavu, usiioshe, ukiiosha umeirudisha ndani. Uache ukuta upumue miezi. Mchanga uwe wa mtoni au uliooshwa, uuonje kabla ya kuuchanganya: sehemu tatu kwa moja ya chokaa iliyozimwa na kulala majini wiki kadhaa. Loanisha ukuta, piga tabaka jembamba la sentimita moja, lingoje likaze, ndipo lifuate la pili. Ufunike kwa magunia mabichi. Jua likiiwahi, chokaa hugeuka vumbi. Na plasta ya kwanza huenda ikaharibika yenyewe kwa kunyonya chumvi iliyobaki. Hiyo ndiyo kazi yake, utapiga nyingine.

Mwenye nyumba alisikiliza yote, kisha akauliza chokaa hiyo ataitoa wapi. Mjomba alikaa kimya kidogo. Tanuu la kwao la kuchomea chokaa ni magogo yaliyopangwa duara, mawe ya tumbawe juu, moto usiku kucha. Kuni walizozijua wazee ni mikoko, na mikoko haikatwi ovyo siku hizi, wala isikatwe, maana ndiyo inayoshika fukwe zetu. Akamwambia ajaribu magogo ya miembe iliyozeeka, na mawe ya nchi kavu, asiguse ya baharini. Tukaondoka kuwahi arusi.

Mimi sijui nyumba ngapi za mawe zinaweza kuokolewa kwa magogo ya miembe iliyozeeka, kati ya Malindi na Lamu. Mwanangu naye ameshauliza kama tanuu linaweza kuwaka kwa makumbi ya nazi. Makumbi huwaka haraka na kuisha haraka, na jiwe linataka moto mkali usiokatika mpaka alfajiri. Pengine yakichanganywa na vifuu. Hilo halijajaribiwa kwetu.